Ahadi ya Kulindana na Mipaka Yake: Funzo la Vita vya Kagera

Kujilinda ni jambo moja katika mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyatimiza peke yake. Mwenye shamba hawezi kukesha kila usiku, ndipo wenye mashamba wakapatana kushika zamu. Kijiji kimoja hakiwezi kuwazuia wezi wa ng'ombe, ndipo huku kwetu Usukumani likawako yowe la hatari liitwalo mwano, ambalo kila alisikiaye hutoka na kuliitikia hata kama ng'ombe walioibwa si wake. Na nchi nazo ni kama vijiji. Nchi isiyokuwa na rafiki wa kuiitikia siku ya shida huonewa na jirani mwenye nguvu. Kwa hivyo dola hupeana ahadi ya kwamba akishambuliwa mmoja, mwingine atamsaidia kwa askari, au kwa silaha, au kwa mali, au kwa kauli.

Lakini yowe nalo lina sharti zake. Je, ikiwa apigaye yowe ndiye mwizi mwenyewe, naye anafukuzwa na wenye mali, yatupasa kumwitikia kwa kuwa ni ndugu yetu? Hili ndilo swali tunalotaka kulizungumza mwezi huu, na wala si swali la kubuni. Vijana wanaosoma katika madrasa zetu hapa Mwanza hutuuliza: Idi Amin alikuwa Mwislamu, na Kanali Muammar Gaddafi aliyemletea askari alikuwa Mwislamu, mbona basi Waislamu wa Tanzania walikwenda kupigana nao? Je, wazee wetu walikosea?

Swali hili si la kukemewa. Kijana aulizaye ataka kuijua dini yake, na asipojibiwa na mwalimu wake atajibiwa na mtu mwingine asiyemtakia kheri. Kwa hivyo tutalijibu kwanza kwa mafundisho ya dini, kisha kwa khabari za mambo yaliyotokea katika pwani za ziwa letu.

MAAGANO KATIKA DINI YETU

Kabla ya kupewa Utume, naye akiwa kijana wa miaka kama ishirini, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alihudhuria mapatano yaliyofanywa Makka katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an. Mfanya biashara mmoja mgeni kutoka Yemen alikuwa ameuza bidhaa zake kwa mkubwa mmoja wa Kikureshi, na yule mkubwa akakataa kumlipa. Mgeni hakuwa na jamaa wa kumtetea. Baadhi ya koo za Makureshi wakakutana, wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Mapatano haya huitwa Hilful Fudhul. Hata baada ya kupewa Utume, Bwana Mtume aliyasifu, akasema kuwa lau angeitwa katika Uislamu kwa jambo kama lile angeitikia. Tazameni jambo hili: waliopatana walikuwa bado ni washirikina, lakini mapatano yao yalikuwa ya haki, naye hakuyakana.

Alipohamia Madina aliandikisha mkataba baina ya Waislamu na makabila ya Kiyahudi waliokuwa wakikaa katika mji ule. Katika mkataba huo walipatana kwamba atakayeushambulia mji watampiga wote pamoja; kwamba kila upande utajichukulia gharama zake; na kwamba hapana atakayemlinda dhalimu kwa ajili ya mkataba ule. Kila upande ulibakia na dini yake. Huu ni ushirikiano wa ulinzi kama unavyojulikana na dola za leo, nao uliandikwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Kisha ukaja mkataba wa Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra (628). Baina ya masharti yake lilikuwapo hili, kwamba kabila lipendalo kuingia katika ahadi ya Muhammad na liingie, na lipendalo kuingia katika ahadi ya Makureshi na liingie. Banu Khuzaa wakaingia upande wa Mtume, na Banu Bakr upande wa Makureshi. Haikupita miaka miwili, Banu Bakr wakawavamia Khuzaa usiku kwenye kisima kiitwacho Al-Watir, na Makureshi wakawasaidia wavamizi kwa silaha kwa siri. Mtu wa Khuzaa aitwaye Amr bin Salim akaenda Madina, akasimama msikitini akimkumbusha Mtume ahadi yake. Wengi katika Khuzaa walikuwa hawajasilimu bado, lakini Bwana Mtume hakuuliza dini yao. Aliitazama ahadi na dhuluma waliyofanyiwa, akatoka na watu 10,000, na ndio mwaka Makka ilipofunguliwa.

Sasa tuitazame Qurani Tukufu. Katika Suratul Maida, aya ya 1, Mwenyezi Mungu anawaamrisha Waumini watimize maagano. Aya inayofuata inaamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tunaamrishwa kusimama na uadilifu hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Na katika Suratul Anfal, aya ya 72, imo hukumu inayoligusa swali letu moja kwa moja: Waislamu walio mbali wakiomba msaada kwa ajili ya dini, ni wajibu kusaidiwa, isipokuwa juu ya watu ambao kuna ahadi baina yetu na wao. Yaani hata undugu wa dini haumpi mtu rukhsa ya kuvunja ahadi aliyoifunga kwa haki.

Na Mtume (s.a.w.) alipowaambia Masahaba wamsaidie ndugu yao, akiwa ni mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, waliona ajabu, wakauliza vipi watamsaidia dhalimu. Akawafahamisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Basi tukikusanya yote haya tunapata sharti tatu za ahadi ya kulindana: iwe kwa ajili ya haki, itimizwe hata ikiwa nzito, na gharama yake ijulikane na kubebwa bila ya hila. Kwa mizani hii tupime yaliyotokea kwetu.

ZIWA LETU NA VITA VYA WENGINE

Ziwa hili linalooshea pwani za Mwanza, Musoma na Bukoba liliwahi kuona vita vya nchi zilizofungamana kabla ya Uhuru. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walikuwa upande mmoja juu ya Wajerumani, ambao wazee wetu wakiwaita Wadachi. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza, wakisafirishwa kwa meli za ziwani, waliuteka mji wa Mwanza. Na Septemba 19 mwaka ule Wabelgiji waliotokea upande wa Kongo na Rwanda waliingia Tabora. Vita vilipokwisha marafiki hao wawili waligawana: Mwingereza akapewa Tanganyika, na Mbelgiji akapewa Rwanda na Burundi.

Waafrika waliobeba mizigo ya majeshi yale, wakafa njiani kwa njaa na maradhi, hawakuulizwa kama wanaipenda ahadi ile wala hawakupewa fungu katika matunda yake. Mapatano yale hayakuwa yao. Kwa sababu hii, nchi zetu zilipojitawala zilikuwa na haki ya kuchagua zenyewe rafiki wa kufungamana naye, na zilikuwa na wajibu wa kuchagua vizuri.

UHASAMA ULIVYOANZA

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote wa Uganda. Obote akapewa hifadhi Tanzania pamoja na wafuasi wake, na Mwalimu Julius Nyerere akakataa kuitambua serikali mpya. Yatupasa tuseme kweli pande zote: Septemba 1972 wafuasi wa Obote wapatao 1,000 waliingia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania, wakashindwa. Amin akajibu kwa kupeleka ndege za vita zilizotupa mabomu Bukoba na Mwanza. Rais Siad Barre wa Somalia akawapatanisha, na mwezi wa Oktoba 1972 yakatiwa sahihi mapatano ya Mogadishu, kwamba kila upande urudishe majeshi yake nyuma ya mpaka, na kwamba hakuna atakayewaachia maadui wa mwenzake kushambulia kutoka nchi yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, na kamba iliyokuwa ikizifunga nchi za ziwa hili ikakatika. Mwaka uliofuata, Oktoba 30, 1978, majeshi ya Uganda yakavuka mpaka na kuiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Daraja la Kyaka likavunjwa. Nyumba ziliunguzwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kikaporwa, na raia wanaokadiriwa kufika 1,500 wakauawa. Katika wilaya zile Waislamu ni wengi, na risasi haikumwuliza mtu kama anasali. Amin akatangaza kuwa ardhi ile sasa ni sehemu ya Uganda.

Hapa sharti ya kwanza ilikwisha dhihiri: nani aliyevamia, na nani aliyevamiwa. Siku chache baadaye Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kuwa nchi inayo sababu ya kupigana, na nia, na uwezo. Waziri wa Ulinzi wakati ule alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, na Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo. Vijana wetu na wayatazame majina haya mawili. Mambo ya ulinzi wa nchi yalikuwa mikononi mwa Waislamu, nao hawakuona kuwa dini yao inawazuia kuwalinda watu wa Kagera. Jeshi lililokuwa na askari chini ya 40,000 likaongezeka, kwa kuitwa mgambo, hata likapita 100,000; na Mwanza, mji wa reli na bandari, ukawa mlango wa kupitishia watu na vifaa kwenda mbele.

NANI ALIMSAIDIA NANI

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka kupatanisha, lakini haukumlaumu waziwazi aliyevamia. Tanzania ilitaka mambo manne: uvamizi ulaaniwe, Amin aache madai yake juu ya ardhi ya Tanzania, alipe fidia, na aahidi kutorudia tena. Hayakupatikana. Hapo ndipo zikajulikana nchi zilizo marafiki kweli.

Msumbiji ilileta kikosi cha askari. Fikirini: nchi ile ilikuwa na miaka mitatu tu tangu kujitawala, Juni 25, 1975, nayo yenyewe ilikuwa ikishambuliwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia. Lakini Rais Samora Machel hakusahau kwamba chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kwamba wapiganaji wake walipata kambi na chakula Tanzania katika miaka yote ya kupigania uhuru. Walilipa wema kwa wema. Zambia, Angola na Ethiopia zilikuwa upande wa Tanzania. Na Algeria nayo, nchi ya Waislamu, iliiunga mkono Tanzania. Kwa hivyo si kweli, kama wanavyodhani wengine, kwamba ulimwengu wa Kiislamu wote ulikuwa nyuma ya Amin.

Upande wa pili alikuwapo Kanali Gaddafi wa Libya. Urafiki wake na Amin ulianza mwaka 1972, Amin alipovunja uhusiano na Israeli. Na mwaka 1974 Uganda ikaingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Vita vilipomgeukia Amin, Libya ilipeleka Uganda askari zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa mgambo wasiozoea vita, na inasimuliwa kuwa baadhi yao waliambiwa wanakwenda mazoezini tu. Walipigana Lukaya mwezi wa Machi 1979, na Entebbe mwezi wa Aprili, na inakadiriwa kuwa waliouawa katika vita vyote wanafika 600. Walikuwa watoto wa watu, wenye mama zao Tripoli na Benghazi, waliofia nchi wasiyoijua kwa kumlinda mtu ambaye askari wake wenyewe walikuwa wakimkimbia.

BOMU LA SAANANE

Machi 27, 1979, Gaddafi alimpelekea Mwalimu Nyerere onyo kwamba majeshi ya Tanzania yatoke Uganda katika muda wa saa 24, la sivyo Libya itaingia vitani. Mwalimu akalikataa onyo hilo hadharani. Siku mbili baadaye eropleni kubwa ya Libya ya kutupa mabomu, aina ya Tupolev, ilikuja juu ya Mwanza. Iliyokusudiwa ni ghala ya mafuta. Ikakosea shabaha, mabomu yakaanguka katika kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 1964 kilikuwa bustani ya wanyama. Mfanya kazi mmoja akajeruhiwa, na swala kadhaa wakafa.

Leo kisiwa kile, ambacho tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa, hutembelewa na watoto wa shule, na watu huicheka khabari ile ya swala waliopigwa bomu. Nasi twasema Alhamdulillahi kwa kuwa tunaweza kucheka. Lakini na tufikiri lau yule rubani angelenga sawasawa. Ghala ile ilikuwa karibu na makazi ya watu. Misikiti ilikuwako, na vyuo vya Qurani, na akina mama sokoni. Bomu lililotumwa kwa jina la kumsaidia Mwislamu lingewaua Waislamu wa Mwanza pamoja na jirani zao Wakristo, nao wote hawakuwa wamewadhulumu watu wa Libya kitu chochote. Hiyo ndiyo sura ya ahadi iliyofungwa bila ya kutazama haki.

JAWABU LA SWALI LA VIJANA

Basi wazee wetu hawakukosea. Amin hakuwa mlinzi wa Waislamu. Mwaka 1972 alipowafukuza watu wenye asili ya Asia katika muda wa siku 90, maelfu kati yao walikuwa Waislamu, Masunni na Maismailia na Mabohora, walioacha misikiti na maduka na makaburi ya wazee wao. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mikononi mwa watu wa serikali yake, na kumwua mtu bila ya haki ni dhambi kubwa hata akiwa wa dini nyingine. Mtu wa namna hii akipiga yowe, msaada wake katika mafundisho ya Mtume ni kushikwa mkono asiendelee. Gaddafi angekuwa rafiki wa kweli lau angemwambia mwenzake atoke Kagera na kurudisha ng'ombe za watu. Na tunaamini kuwa angemwokoa.

Suratul Hujurat, aya ya 9, inafundisha kwamba makundi mawili ya Waumini yakipigana yapatanishwe, na likidhulumu moja lipigwe lile lililodhulumu mpaka lirudi katika amri ya Mwenyezi Mungu, kisha yapatanishwe kwa uadilifu. Ikiwa hukumu ni hiyo baina ya Waumini watupu, basi vipi katika vita ambavyo pande zote mbili zilikuwa na Waislamu na wasiokuwa Waislamu? Palipo dhuluma, haitazamwi kanzu ya mtu.

Na tuitazame pia adabu ya mshindi. Majeshi ya Tanzania yalipoukaribia mji wa Kampala, njia ya mashariki kuelekea Jinja iliachwa wazi ili Walibya wapate kuondoka bila ya kuangamizwa. Kampala ikatekwa Aprili 11, 1979. Walibya waliokamatwa mateka waliachiliwa baadaye wakarudi kwao. Kumwachia adui mlango wa kutokea ni jambo linalopendwa na dini yetu.

GHARAMA ILIYOINGIA MAJUMBANI

Ushirikiano wa vita husemwa na wakubwa, lakini hesabu yake hulipwa majumbani. Inahesabiwa kuwa askari 373 wa Tanzania walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa ajali na maradhi. Na katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilaya ya Muleba, wamelala vijana waliotoka mikoa yote. Nchi ilitumia mali inayokadiriwa kufika dola za Marekani milioni 500. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na wazee wanakumbuka kwamba ile miezi ilizidi: sabuni, sukari, unga na mafuta ya taa vikawa vitu vya kupangia foleni tangu alfajiri.

Gharama nyingine iliwaangukia Waislamu wa Uganda. Kwa kuwa Amin alijivika dini, alipoanguka watu wenye hasira waliwatesa jirani zao waliokuwa wakisali naye dini moja. Katika sehemu za magharibi, khasa Bushenyi, Waislamu wengi waliuawa mwaka 1979, na hali walikuwa wakulima na wachuuzi ambao hawakuwahi kula na Amin. Haya yalikuwa dhuluma, nayo tunayalaani kama tulivyolaani ya Kagera. Lakini kila mtawala anayejificha nyuma ya dini na kila anayemsaidia wakumbuke kwamba siku ya hesabu watakaolipa ni wanyonge.

Wala ushindi haukuijengea Uganda nyumba. Majeshi ya Tanzania yalikaa huko mpaka mwaka 1981, serikali zikabadilika haraka haraka, uchaguzi wa Desemba 1980 ukaleta ugomvi, na vita vipya vikaanza. Rafiki aweza kukusaidia kuzima moto. Kujenga upya ni kazi ya wenye nyumba.

MAPATANO YA ZAMA ZETU

Baada ya hayo nchi zetu ziliona kuwa haifai kungoja moto uwake ndipo watu waulizane. Agosti 2003, mjini Dar es Salaam, nchi za Kusini mwa Afrika zilitia sahihi mkataba wa kulindana, kwamba nchi moja ikishambuliwa kwa silaha jambo hilo ni hatari kwa wote, na wote watachukua hatua pamoja. Tena waliahidiana kutowalea watu wenye nia ya kuvuruga nchi ya mwenzao, jambo lile lile lililoandikwa Mogadishu mwaka 1972. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ikafuata itifaki ya ushirikiano katika mambo ya ulinzi, mwaka 2012.

Je, mapatano haya yanatimizwa? Mengine yametimizwa vizuri. Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi waliungana katika kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kongo ya mashariki, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, na kabla ya kwisha mwaka waasi wa M23 wakashindwa. Lakini waasi wale walirudi tena, na Januari 2025 wakauteka mji wa Goma. Mwezi wa Machi nchi za Kusini mwa Afrika zikaamua kuondoa majeshi yao. Kongo inailaumu Rwanda kuwa inawasaidia waasi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema hivyo, Rwanda inakanusha. Na nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya moja ya Afrika ya Mashariki! Hapa tunaona kuwa mtu aweza kutia sahihi, na moyo wake ukabaki mahali pengine. Katika Suratun Nahl, aya ya 92, mwenye kuvunja ahadi amefananishwa na mwanamke anayesokota uzi ukawa imara, kisha akaufumua mwenyewe. Uzi wa ujirani wa maziwa haya umefumuliwa mara nyingi mno.

Msumbiji nako, katika jimbo la Cabo Delgado, tangu mwaka 2017 kuna watu wenye silaha wanaoua na kuchoma vijiji kwa jina la Uislamu. Na Oktoba 2020 walivuka mto Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka askari huko tangu mwaka 2021, katika kikosi kilichomaliza kazi yake mwaka 2024. Watu kama hawa huwatafuta vijana wetu kwa maneno matamu katika simu, wakipiga lile lile yowe la mwizi, kwamba ndugu zenu wanashambuliwa, njooni. Kijana aliyefahamu khabari ya Kagera atauliza kwanza: ni nani aliyeanza kuchoma nyumba za watu?

WAJIBU WA KILA NYUMBA

Mtu asiseme kuwa haya ni mambo ya majenerali. Ahadi za dola hufungwa na watu waliolelewa majumbani. Mtoto anayemwona baba yake akimtetea jamaa kwenye baraza hali anajua kuwa jamaa ndiye mkosa, amekwisha kufundishwa siasa ya Gaddafi na Amin. Na mtoto anayemwona mama yake akimwambia ndugu yake mwenyewe, hapa umekosea, rudisha kitu cha watu, amefundishwa Hilful Fudhul. Akina baba na akina mama, watoto wenu wakigombana na wa jirani, ulizeni kwanza nani aliyeanza, kabla hamjauliza mtoto ni wa nani.

Nanyi vijana, mkiahidi timizeni, ijapokuwa ahadi ni ya kitu kidogo na ijapokuwa mliyemwahidi si wa dini yenu. Msikubali kuitwa katika ugomvi kwa jina la undugu tu, mpaka mjue haki iko wapi. Na mkiijua haki, msikae kitako mkasema si yetu, kwani anayelisikia yowe la aliyedhulumiwa akajifunika shuka, naye ana sehemu yake katika dhuluma ile.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa wakiwalinda wanyonge, awape subira wajane na mayatima wa pande zote za ziwa hili, azitie nchi zetu katika mapatano ya haki yanayotimizwa, na atukinge na kumsaidia dhalimu kwa kujua au kwa kutojua. Amin.